Maharage Yaliyovuka Mto Kagera Mara Mbili

Kila anayeingia dukani kwangu hapa Ihembe ananiuliza swali moja: "Edina, kumbe ulikwenda nje ya nchi! Hebu tupe habari." Nimechoka kusimulia habari ileile huku napima mbegu, kwa hiyo naiandika mara moja, muisome wote, kisha mnunue mnachonunua muende zenu. Ndiyo, nilikwenda nje ya nchi. Nje yenyewe ni ng'ambo ya mto, mahali ambapo ukisimama Murongo, mpakani upande wetu, ukaita kwa nguvu, mtu anaitika. Lakini msinicheke. Wapo waliokwenda China siku zilezile wakarudi kabla yangu.

Habari za makaratasi naziruka. Wanaozijua wanazijua, na wasiozijua Mungu aendelee kuwaepusha.

Ihembe hadi Mabira

Mzigo haukuwa wangu. Yalikuwa maharage mekundu ya kikundi cha kina mama wa Mabira, kwetu nilikozaliwa, na mwenyekiti wao ni shangazi yangu Leonida, dada wa baba. Miaka yote maharage yao hununuliwa na mlanguzi anayekuja na debe lake lililotuna tumbo. Debe hulijaza mpaka kilele, bei huitaja yeye, na ukikataa huenda kwa jirani yako akimsalimia kwa jina. Safari hii alipatikana mnunuzi wa Mbarara, Bwana Kato, anayelisha shule za bweni. Alisema kwa simu, wote wakimsikia, kwamba mzigo wa kwanza ukipita mpakani na kumfikia kabla shule hazijafunguliwa, atachukua maharage ya Mabira kila msimu. Usipopita, anao watu wengine. Mambo yalikuwa hayo tu: ama kina mama wapate soko lao wenyewe, ama warudi kwa mwenye debe wakiwa wameinamisha vichwa.

Nilichaguliwa kusindikiza mzigo kwa sababu nina duka la pembejeo na ninaweza kusoma maandishi ya kwenye mifuko. Basi nilipofika, nikiwa na vumbi la bodaboda mpaka kwenye kope, nikasimama mbele yao kuwasomea masharti ya kuingiza maharage Uganda. Yawe makavu. Yasiwe na mdudu, aliye hai wala marehemu. Magunia yawe mapya. Ndani kisiwemo kitu kingine chochote: jiwe, udongo, jani la aina yoyote, wala punje ya zao jingine. Walinisikiliza kwa utulivu ule ule wa matangazo ya kanisani, wakati kila mtu anawaza chakula cha mchana.

"Tumesikia," alisema shangazi kwa niaba ya wote.

Haki yao niwape: waliyachambua maharage yale punje kwa punje. Walikaa kwenye mikeka wakaondoa zilizosinyaa, zilizotoboka, hata zile ambazo kosa lao lilikuwa kuwa ndogo. Ulipofika wakati wa kujaza na kushona magunia nikavuta kigoda nisimamie.

"Mwanangu, umetoka mbali," shangazi akasema. "Ingia ndani ule."

"Nataka kuangalia mnavyoshona, shangazi."

"Utaangalia na njaa? Watu wakipita hapa watasema Leonida amemnyima mtoto wa kaka yake chakula."

Nikaingia. Mezani palikuwa na ndizi zilizopikwa na maharage, dagaa pembeni, na juisi ya ndizi kwenye jagi lenye kifuniko cha kufuma. Mtu aliyekwisha kula chakula cha shangazi anajua kwamba hupangiwi muda wa kumaliza. Nilipotoka, magunia yote yalikuwa yameshonwa na kupangwa, na kina mama walikuwa wananitazama kwa upole uliopita kiasi. Nilidhani ni upendo.

Mabira hadi Kaisho, kwa hisani ya Ta Projesti

Dereva wa lori alikuwa Ta Projesti, yaani Mzee Projesti, mtu mwema ambaye hawezi kumpita mtu barabarani bila kumsalimu, kumuuliza habari za mgonjwa wake, na kumwuliza mgonjwa huyo alianza kuumwa lini. Kwa mwendo huo kobe angetupungia mkono. Tuliposimama mara ya nne nikashuka kunyoosha miguu, nikaona kitu kimefunikwa na kona ya turubai. Kilikuwa mkungu wa ndizi, na majani yake ya kuukinga na jua.

"Ta Projesti, huu unakwenda wapi?"

"Kwa mama mkwe wangu, waitu," akajibu kwa heshima. "Anakaa Murongo. Hauvuki mto."

"Majani ya mgomba hayaruhusiwi kukaribia mzigo huu. Wenzetu wanaogopa ugonjwa wa mnyauko."

"Lakini mkungu wangu haujanyauka. Utazame."

"Masharti hayautazami."

Akanikodolea macho kama niliyemtukania ukoo. "Sasa nifike kwa mama mkwe mikono mitupu?"

Hapo ndipo nilipotoa hotuba. Nilisema kwamba biashara ya kimataifa haina mama mkwe. Nilisema soko la nje linataka watu wanaosikia maagizo, na kwamba ni tabia hizi hizi za kubebeana vitu zinazoturudisha nyuma. Nilizungumza vizuri sana, natamani mngekuwepo. Ta Projesti aliushusha mkungu wake kwenye nyumba ya mtu asiyemfahamu sana, akauegemeza ukutani polepole, na tangu hapo hakumsalimia mtu njiani. Tukaanza kwenda haraka, nikajisifu kimoyomoyo.

Mvua ikatukomesha karibu na Kaisho. Tope la huko halina haraka; likikushika linataka mkae mzungumze. Tulipokwamuliwa na wachunga ng'ombe waliotuchekea kwanza kisha wakatusaidia, magurudumu yalikuwa yanahitaji kufunguliwa na kuoshwa, nami nikaenda kungoja kwenye mgahawa wa pale sokoni. Kuna bwana mmoja alivuta kiti mezani kwangu bila kuombwa. Aliposikia tunakwenda Uganda akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mpakani hawaangalii mzigo, mama. Wanaangalia mtu. Ungevaa koti."

"Mimi nina kitenge."

"Ndiyo hapo sasa." Akaniambia kwamba maharage yanayong'aa yanakataliwa, kisha kwamba yasiyong'aa yanakataliwa, kisha kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupeleka mananasi Dubai. Nilipomuuliza Dubai kukoje alisema kuna joto. Alikunywa chai, akala maandazi, akanitakia baraka, akaondoka akiniachia vyote nilipe. Huyo ndiye mtaalamu pekee wa biashara ya nje aliyenishauri safari nzima.

Murongo, upande wetu

Afisa aliyetupokea kesho yake asubuhi alikuwa kijana wa Muleba, viatu vinang'aa, sauti ya upole ya watu waliokuzwa na shule za misheni. Alichukua bambo, kile chuma chenye ncha na tundu kinachochomwa ubavuni mwa gunia kutoa punje chache. Akachoma gunia moja hapa, jingine kule. Maharage yakateremka kiganjani mwake, makavu, mekundu, hayana hata vumbi. Akayapuliza, akayauma, akayanusa.

"Mama, hongera. Wengine wote wangeleta hivi, kazi yetu ingekuwa rahisi."

Sikuwa na la kusema ila kukubaliana naye. Nilimwambia siri ni usimamizi wa karibu. Nilirudi kwenye lori nikitembea katikati ya barabara, na Ta Projesti akapisha.

Ng'ambo

Tukavuka daraja. Mto Kagera ulikuwa umejaa maji ya mvua, rangi ya chai ya maziwa, hauonyeshi dalili yoyote kwamba nusu yake ni ya kigeni. Upande wa pili, Kikagati, tuliambiwa mkaguzi amekwenda kula. Nasi tukala: chapati iliyoviringishwa na mayai na kabichi, ya moto, mafuta yakitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia Ta Projesti kwamba nje ya nchi ni kuzuri. Akasema angepapenda zaidi kama mama mkwe wake angekuwa bado anamsemesha.

Mkaguzi alirudi bila haraka. Aliitwa Bi Kyomugisha, mama wa makamo, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Mimi nilisema Kinyambo changu, yeye Kinyankole chake, tukaelewana kila neno. Akachoma gunia la kwanza, safi. Akachoma la pili, bambo likaingia nusu likagoma. Akalizungusha, likagoma tena.

"Kuna kitu humu, nnyabo."

"Labda punje zimeshikana," nikasema, mtaalamu.

Akaagiza gunia lifunguliwe. Akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa na kutoa kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba, kimefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, na fundo lake ni lile ambalo nimeliona tangu nikiwa mtoto kwa sababu ni shangazi yangu peke yake anayelifunga namna ile. Bi Kyomugisha akalifungua. Ndani mlikuwa na akamwani.

Kwa ninyi mlioolewa huku kutoka mikoa mingine, akamwani ni kahawa ya kutafuna. Huchumwa ikiwa bado changa, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, huanikwa ikakauka. Mgeni akifika nyumbani hupewa kiganja, na wewe ukienda kwa mtu wa kuheshimiwa unambebea. Nyumba isiyo na akamwani ni nyumba ya kusengenywa.

Akafungua gunia la tatu, kifurushi. La nne, kifurushi. Kila gunia lilikuwa na chake, katikati kabisa, mahali ambapo mtu huficha kitu anachokipenda. Ta Projesti alisogea karibu, akakitazama kimoja kwa muda mrefu, akageuka kwangu.

"Hayo siyo majani ya mgomba?"

Mpaka leo sijamjibu.

"Kahawa ndani ya maharage," Bi Kyomugisha akasema. "Unajua hii inaitwaje?"

"Zawadi, mama yangu."

"Hapa inaitwa magendo."

Na siwezi kumlaumu. Sote tunajua kahawa inavyovushwa mto ule kwa njia za panya, na tunajua inavyofichwa. Nikaanza kueleza, maneno yakigongana, habari za wageni na heshima na shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaokota punje moja ya akamwani, akainusa, na uso wake ukalegea.

"Bibi yangu alikuwa akizitengeneza hivi hivi," alisema. "Nimekulia kwenye harufu hii."

"Basi unaelewa!"

"Naelewa sana. Ndiyo maana siwezi kuandika kwamba sikujua ni nini." Akavua miwani. "Mzigo una zao ambalo halikutajwa, na una majani ya mgomba. Sitautaifisha, kwa sababu naona ninyi ni wajinga tu. Rudini kwenu, mtoe kila kitu, mkaguliwe upya, ndipo mje."

Nimewahi kuitwa majina mengi maishani, lakini hilo la wajinga nililishukuru kwa kupiga magoti.

Murongo tena, upande wetu, tulikokuwa tumeagwa

Yule kijana wa Muleba alilitazama lori likirudi, akanitazama mimi.

"Mama, asubuhi si nilikupongeza?"

Nikaanza upya kueleza. Akasema anahitaji kusikia kwa waliofungasha. Nikampigia shangazi, simu ikawekwa sauti ya juu.

"Shangazi, mliweka nini kwenye magunia?"

"Maharage."

"Na kingine?"

"Kwani Bwana Kato ameshazipata? Amezifurahia?"

"Shangazi! Nilisema kisiwemo kitu kingine!"

"Ulisema uchafu. Mawe, udongo, majani ya shambani. Uchafu tulitoa wote. Sasa akamwani nayo ni uchafu?" Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Mtu hatumjui, hajatuona, anakubali kula kutoka mikononi mwetu, halafu tumpelekee gunia hivi hivi, kavu, kama tunamlipa deni? Wewe ulilelewa wapi, Edina?"

Afisa aliomba radhi akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona ameshika ukuta, mabega yanatikisika. Aliporudi uso ulikuwa wa kazi, lakini macho yalikuwa na maji. Akatoa uamuzi: kila gunia lifunguliwe uani, liondolewe kifurushi, lishonwe upya mbele yake, na waliofungasha waje wenyewe waseme kwa midomo yao.

Walikuja kwa bodaboda, wamevaa vitenge vyao vya kwaya, shangazi mbele.

"Shikamoo mama," afisa akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

"Muleba."

"Muleba kwa nani?"

Ukaguzi ukasimama mpaka ukoo wa afisa ulipojulikana, na ikathibitishwa kwamba bibi yake mzaa mama alisali parokia moja na marehemu mjomba wa mama mmoja pale. Baada ya hapo ndipo serikali ikaruhusiwa kuendelea.

Wakati huo huo Bwana Kato alikuwa ananipigia. "Mama Edina, shule zinafunguliwa. Mnakuja au hamji? Nina mtu mwingine hapa ana maharage." Nikamwambia tuko njiani, jambo ambalo lilikuwa kweli tangu tulipozaliwa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Rwanda, magunia yamefunguka uani, na tone moja tu la mvua lingetosha kuyafanya maharage yale yasiwe makavu tena kwa mkaguzi yeyote duniani. Hapo sikuwa na mzaha. Niliogopa. Nilishawaona kichwani kina mama wale wakimsimamisha tena yule mwenye debe barabarani na kumwomba.

Ta Projesti alitandaza turubai juu ya fito bila kuombwa, nasi tukafanya kazi chini yake tukiwa tumeinama. Shangazi alikataa mtu mwingine asiguse vifurushi. Alivitoa kimoja kimoja kwa mkono wake, akaviweka kwenye karai. Mimi hasira zilinishika, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba karibu atupotezee soko lote kwa ajili ya kahawa isiyojaza karai. Hakuinua macho.

"Nilitaka ajue yanatoka kwa watu," alisema, akaendelea kushona.

Kikagati hadi Mbarara

Mvua ilinyesha tulipokwisha kufunga turubai. Mara ya pili Bi Kyomugisha hakuwa amekwenda kula. Alichoma kila gunia, mbele na nyuma, na kila bambo lilipozama bila kugoma nilipumua. Mwishoni akagonga muhuri. Aliuliza zile kahawa ziko wapi, nikamwambia zimebaki upande wa pili na afisa. "Bahati yake," akasema, akarudi ofisini.

Njia ya kwenda Mbarara sina mengi ya kuwaambia. Migomba ni ileile, vilima ni vilevile, ng'ombe wana pembe ndefu zaidi na madaha zaidi. Tulikula matoke na mchuzi wa karanga mahali ambapo mhudumu alinisifu kwa Kinyankole changu, nami sikumwambia kwamba sijui Kinyankole. Ta Projesti alianza tena kusalimia watu njiani, hata wasiomwelewa, nikajua amenisamehe.

Kwenye bohari ya Bwana Kato karani alipima magunia, akasaini, akapiga mluzi. Vijana wakakata nyuzi kwa wembe na kuyamwaga maharage yetu kwenye lundo kubwa sakafuni, juu ya maharage mengine mekundu ya watu wengine, na mmoja akayachanganya kwa koleo. Nilikuwa bado nimesimama pale. Nilitafuta kwa macho yetu yako wapi, nikashindwa kuyajua, mimi niliyeona yakichambuliwa punje kwa punje.

Bwana Kato alikuwa nyuma ya kioo, simu sikioni na nyingine mezani. Niliinua mkono. Naye akainua kidole gumba. Tulipokuwa tunaelekea mpakani ujumbe wake uliingia: "Mzigo safi. Leta mengine kila msimu."

Mabira

Nilifika nikiwa na simu mkononi, nikausoma ujumbe ule kwa sauti kabla sijavua viatu. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Mama mmoja alicheza mpaka kilemba kikaanguka, mwingine akasema mwenye debe akija msimu ujao atamkaribisha maji tu. Nilikumbatiwa na watu wenye mikono yenye nguvu. Niseme ukweli, nilifurahi sana, na hotuba yangu ya biashara ya kimataifa nilikuwa nayo tayari kooni.

Shangazi alingoja kelele zipungue.

"Na yeye mwenyewe," akauliza, "alikupokeaje?"

"Alikuwa na kazi nyingi, shangazi. Nilimwona kwenye kioo."

"Hakutoka kukusalimia?"

"Hakutoka."

"Hakuuliza mmeamkaje huku? Hakuuliza ni nani waliolima?"

Nikautazama tena ujumbe wake. "Alisema mzigo ni safi."

Kina mama wakatazamana. Shangazi akakung'uta vumbi kwenye kitenge chake.

"Kumbe ni mnunuzi," alisema. "Mngetuambia tangu mwanzo. Sisi tulidhani tumepata mtu."

Wakacheka wote, yeye pia, kicheko kirefu cha watu waliopata walichokitaka. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa. Kisha nikatoa karatasi, nikaanza kuwasomea masharti ya msimu unaokuja. Safari hii waliyasikiliza neno kwa neno, na hakuna aliyeuliza kitu.